Shahidi wa Darasani Asikilizwe

Mgonjwa anapolazwa hospitalini hamwulizi daktari alisoma wapi, wala hamwambii amwonyeshe cheti chake. Humnyoshea mkono achomwe sindano, humfunulia tumbo lipasuliwe, na humkabidhi mtoto wake atibiwe, kwa kuwa anaamini ya kwamba yuko mtu mwingine mahali fulani aliyekwisha hakikisha kuwa daktari huyu alifundishwa sawasawa. Imani hiyo ni amana kubwa. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za watu wanaoitunza amana hiyo, na hasa habari za mmoja wao ambaye mara nyingi husahauliwa, naye ni mwanafunzi mwenyewe.

Kazi ya kupima kama shule ya udaktari inastahili kutoa madaktari huitwa kutoa ithibati, na kila nchi ina utaratibu wake. Nchini Marekani kazi hiyo, kwa shule zitoazo shahada ya udaktari ijulikanayo kama MD, iko mikononi mwa kamati maalumu ambayo hujulikana kwa herufi zake za Kiingereza, LCME. Kamati hiyo iliundwa mwaka 1942, na wadhamini wake ni wawili: Chama cha Madaktari wa Marekani na Umoja wa Vyuo vya Udaktari vya nchi hiyo. Kwa kawaida kila shule hukaguliwa kikamilifu baada ya miaka minane. Katika ukaguzi huo mna jambo ambalo sisi twaona lafaa kutazamwa kwa makini na kila nchi inayojenga shule zake. Wanafunzi wa shule inayokaguliwa huandika taarifa yao wenyewe, mbali na taarifa ya wakubwa wa shule, na taarifa hiyo huwafikia wakaguzi bila ya kupitishwa kalamu na mkuu wa shule.

MKAGUZI ALIYETOKA NJE

Ili tuone uzito wa jambo hilo yatupasa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1910 Abraham Flexner, mwalimu mzaliwa wa mji wa Louisville ambaye mwenyewe hakuwa daktari, alitoa taarifa juu ya shule za udaktari kwa niaba ya Wakfu wa Carnegie. Shule zilizotajwa katika taarifa hiyo zilikuwa 155, za Marekani na Kanada. Nyingi katika hizo zilikuwa biashara tupu. Madaktari wachache walikusanyika, wakakodi nyumba, wakatoza ada na kugawana faida. Vijana wasio na elimu ya kutosha walipokewa maadamu wana fedha, maabara zilikuwa za jina tu, na mwanafunzi aliweza kuhitimu bila ya kumgusa mgonjwa ila mara chache.

Flexner alizipima shule hizo kwa mambo matano: masharti ya kuingia, idadi na elimu ya walimu, fedha, maabara, na uhusiano wa shule na hospitali. Katika miaka iliyofuata shule nyingi zilifungwa au ziliunganishwa, na hadhi ya udaktari wa Marekani ikapanda. Hapana anayeweza kukana kwamba ukaguzi ule ulileta faida.

Walakini kalamu ile ile iliyotibu ilijeruhi pia. Wakati huo zilikuwako shule saba zilizowafundisha Wamarekani weusi. Taarifa ilipendekeza mbili tu ziendelezwe, Howard ya mjini Washington na Meharry ya mjini Nashville, na zile tano nyingine zikafungwa baadaye. Tena taarifa ilimtazama daktari mweusi kama mtu wa kufundishwa usafi ili maradhi ya watu wake yasiwafikie wazungu. Ilipita zaidi ya miaka 100 kabla ya Umoja wa Vyuo vya Udaktari kuliondoa jina la Flexner katika tuzo yake kubwa, mwaka 2020, kwa sababu ya fikra hizo za ubaguzi.

Twayakumbusha haya kwa kuwa yanatufundisha ya kwamba mkaguzi atokaye nje, hata awe hodari namna gani, huja na macho yake mwenyewe, na huona zaidi yale aliyokuja kuyatafuta. Katika mambo matano ya Flexner hapana hata moja lililohusu mwanafunzi anasemaje juu ya mafundisho anayopewa. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayekilalia kitanda cha shule ya udaktari ni mwanafunzi.

NAMNA KAZI INAVYOFANYIKA

Siku hizi mambo huenda hivi. Muda mrefu kabla ya wageni kufika, kwa desturi zaidi ya mwaka mmoja, wanafunzi huunda halmashauri yao na kuteua viongozi. Halmashauri hutengeneza orodha ndefu ya maswali, ambamo mna maswali yanayotakiwa na Kamati na mengine ambayo wanafunzi wenyewe huona yafaa. Maswali hupelekwa kwa wanafunzi wa miaka yote, na kila mmoja hujibu bila ya kutaja jina. Shule yaweza kuwasaidia kwa vyombo vya kuhesabia na mahali pa kukutania, lakini haina ruhusa ya kuwaelekeza cha kusema. Majibu yakiisha kusanywa, halmashauri huyahesabu mwaka kwa mwaka, huyapima, kisha huandika taarifa. Taarifa hiyo hupewa uongozi wa shule, na hupewa wakaguzi. Wakaguzi wakija hukutana na wanafunzi ana kwa ana na kuwauliza zaidi. Na katika Kamati yenyewe inayotoa hukumu, wajumbe wawili ni wanafunzi wa udaktari.

Msomaji huenda akadhani kuwa vijana hao huulizwa mambo makubwa ya sayansi. Sivyo. Mengi ya maswali ni juu ya mambo ambayo mpita njia angeyaona kuwa madogo. Je, mkuu wa shule hupatikana mtu akiwa na shida? Maabara na maktaba zatosha? Mwanafunzi anayekesha wodini usiku ana mahali salama pa kulala, na kabati la kufungia vitu vyake? Alipewa nafasi ya kuwaona wagonjwa wa kila namna wanaotakiwa katika mafunzo yake? Mzigo wa kazi wampa muda wa kusoma, au amegeuzwa mtumishi asiye na mshahara? Je, amepata kutukanwa au kudhalilishwa na wakubwa wake, na kama ndiyo, alijua pa kwenda kushtaki?

Tuyatazame mawili matatu ili tuone kwamba mambo hayo si madogo hata kidogo.

Viwango vya Kamati hutaka mwanafunzi ambaye funzo lake huchukua wiki nne au zaidi aambiwe maendeleo yake kabla nusu ya funzo haijapita, na alama zake za mwisho zitoke katika wiki sita baada ya funzo kwisha. Kwa nini? Kwa sababu kijana anayekosea namna ya kusikiliza moyo wa mgonjwa, asipoambiwa mapema, hulichukua kosa lake hadi wodi ya pili na ya tatu. Akija kuambiwa baada ya miezi, kosa limekwisha kuwa tabia. Katika makaratasi shule yaweza kuonyesha kuwa walimu wote wana fomu za kujaza maendeleo ya wanafunzi. Anayejua kama fomu hizo zilijazwa wodini mbele yake, au zilijazwa mezani siku ya mwisho, ni mwanafunzi peke yake.

Kiwango kingine hukataza daktari aliyemtibu mwanafunzi, au aliyemshauri katika matatizo ya akili, kushiriki katika kumtahini mwanafunzi huyo huyo au kuamua kama apande darasa. Maana yake ni wazi. Mwanafunzi wa udaktari naye ni binadamu, huugua, na pengine hulemewa na huzuni. Akijua kwamba atakayemfungulia siri za moyo wake ndiye atakayemwandikia alama, atanyamaza, na ugonjwa utazidi. Hapo tena, cheti kilichotundikwa ukutani hakiwezi kueleza kama kanuni hiyo hufuatwa. Mwanafunzi ndiye ajuaye.

Na juu ya matusi, twaomba wasomaji wafikiri kidogo. Kijana aliyefundishwa kwa kutwezwa mbele ya wagonjwa hujifunza elimu mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni ya dawa, na ya pili ni kwamba mkubwa anaweza kumtweza mdogo. Akisha kuwa mkubwa yeye, elimu ile ya pili ataitumia kwa wauguzi, kwa wanafunzi wake na kwa wagonjwa maskini wasio na mtetezi.

ULIMI MZITO

Tungekuwa twawadanganya wasomaji kama tungesema kwamba kazi hii ni rahisi. Mwanafunzi anayekalamka kusema kweli juu ya shule yake hukabiliwa na hofu mbili.

Hofu ya kwanza ni ya kujulikana. Katika wodi moja huenda wamo wanafunzi wanne au watano tu. Mmoja akiandika kwamba daktari bingwa wa wodi hiyo hafundishi, daktari huyo hana haja ya mpelelezi. Na kijana huyo huyo kesho atahitaji barua ya sifa kutoka kwake ili apokewe mahali pa kuendelea na mafunzo. Ndiyo sababu majibu hukusanywa bila majina, na ndiyo sababu wanaoyahesabu ni wanafunzi wenzake, si ofisi.

Hofu ya pili ni nzito zaidi, nayo haiondoki kwa kuficha jina. Kamati ina uwezo wa kuipa shule onyo, kuiweka katika muda wa majaribio, au kuinyima ithibati kabisa. Kisheria, mhitimu wa shule ya udaktari ya Marekani hawezi kupata leseni ya kutibu ikiwa shule yake haikuwa na ithibati. Wakati huo huo wanafunzi wengi husoma kwa mikopo. Yule aliyekopa humaliza akiwa na deni ambalo kwa kawaida hufikia dola 200,000 hivi. Basi mwanafunzi hujiuliza: nikisema kweli nikaiangusha shule, si nitakuwa nimekikata kitawi nilichokikalia? Nitalipaje deni kwa cheti kisichotambuliwa? Na wakubwa wengine wa shule, kwa kusema au kwa kukonyeza, huwakumbusha vijana jambo hilo: mlinde jina la shule, maana ndilo jina lenu.

Sisi twasema hofu hii yaeleweka, lakini msingi wake si sahihi. Cheti hakipati thamani kwa sababu wenye nacho walinyamaza. Hupata thamani kwa sababu watu wanaamini kuwa shule iliyokitoa ilipimwa kweli kweli. Wanafunzi wanaoficha ubovu ili kukilinda cheti chao hukilinda kwa miaka miwili mitatu. Baadaye ubovu hutokea hospitalini, mbele ya watu, na hapo huangukia wote waliopitia shule ile, pamoja na wale waliokuwa wazuri. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Tena utaratibu wenyewe umetengenezwa ili kupunguza hatari hiyo. Taarifa ya wanafunzi huandikwa mapema, na shule huipata kabla wakaguzi hawajabisha hodi. Shule yenye busara huisoma kama daktari asomavyo majibu ya damu: hutafuta penye ugonjwa ikaanza kutibu. Kama wanafunzi wa mwaka wa tatu wamelalamika kwamba hawana pa kulala wakikesha, chumba chaweza kupatikana kabla ya wageni kufika, na wakaguzi hukuta kasoro iliyotambuliwa na kurekebishwa. Shule isiyo na busara hungojea hadi juma la mwisho, kisha hupaka chokaa kuta na kuwafundisha wanafunzi majibu. Chokaa ile hudumu hadi mgeni aondoke.

SHAHIDI NA HAKIMU

Wapo watakaosema, na tumewasikia wakisema, kwamba jambo hili lavunja heshima. Mtoto hawezi kumpima mzazi, na mwanafunzi hawezi kumkagua mwalimu, kwa kuwa hajui bado kile anachofundishwa. Atawezaje kujua kama mafundisho yatosha?

Hoja hii ina ukweli ndani yake, nasi hatutaki kuipita bila ya kuijibu. Ni kweli kwamba mwanafunzi wa mwaka wa pili hawezi kuamua ni saa ngapi za somo la mishipa zinatosha kumfanya mtu daktari. Lakini hapana aliyemwomba aamue hivyo. Mwanafunzi katika kazi hii ni shahidi, naye si hakimu. Shahidi haulizwi sheria inasemaje. Huulizwa aliona nini. Je, mwalimu alikuja darasani? Ulimwona mgonjwa mwenye kifafa, au ulisoma habari zake kitabuni tu? Uliambiwa makosa yako? Maswali hayo hayahitaji shahada. Yahitaji macho na ukweli. Kuyapima majibu, kuyalinganisha na makaratasi ya shule na maneno ya walimu, kisha kutoa hukumu, hiyo ni kazi ya wakaguzi na Kamati.

Na shahidi naye ana wajibu wake. Mwanafunzi anayejaza karatasi ovyo ili aimalize, au anayetumia nafasi hiyo kulipiza kisasi kwa mwalimu aliyemnyima alama, anaiba haki ya wenzake. Kadhalika yule asiyejibu kabisa. Taarifa iliyojibiwa na robo ya wanafunzi ni taarifa dhaifu, na shule isiyotaka kusikia itasema mara moja kwamba hao ni wachache wenye vinyongo. Kwa hiyo kazi kubwa ya viongozi wa wanafunzi ni kuwahimiza wenzao wajibu wote, wajibu kwa uangalifu, na waandike mazuri kama wanavyoandika mabaya. Mwalimu anayefundisha vyema naye astahili kutajwa, maana mara nyingi hana mwingine wa kumtaja.

Kuhusu heshima, mila zetu hazikumkataza mdogo kusema, zilimfundisha namna ya kusema. Kijana hakusimama barazani kumtukana mzee, lakini aliyeona moto nyuma ya nyumba akanyamaza kwa kuwa wazee wanazungumza, huyo hakusifiwa kwa adabu.

NA SISI JE?

Hatuandiki haya ili kuipamba Marekani. Nchi ile ina aibu zake, na tumekwisha zitaja baadhi. Twayaandika kwa sababu jambo lenyewe ni letu pia. Nchi yetu ilipata uhuru mwaka 1961 ikiwa na madaktari wazalendo wachache mno. Mwaka 1963 ilifunguliwa Shule ya Udaktari ya Dar es Salaam, ambayo baada ya mabadiliko mengi ndiyo mzazi wa Chuo Kikuu cha Muhimbili cha leo. Sasa vyuo vinavyofundisha udaktari vipo pia Moshi, Mwanza, Dodoma na kwingineko, vingine vya umma, vingine vya mashirika ya dini na vingine vya watu binafsi. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini shule zikiongezeka, haja ya kuzipima huongezeka pamoja nazo, na habari za Marekani ya mwaka 1910 zatuonya jinsi wingi wa shule usiopimwa unavyoweza kugeuka biashara juu ya miili ya watu.

Tunayo Tume ya Vyuo Vikuu na tunalo Baraza la Madaktari, vyombo vilivyopewa kazi hiyo na sheria. Aidha Shirikisho la Dunia la Elimu ya Udaktari, katika viwango vilivyotolewa mara ya kwanza mwaka 2003, lilizitaka shule zitafute maoni ya walimu na ya wanafunzi, ziyapime na kuyafanyia kazi. Kwa hiyo hatuombi jambo geni wala la nchi moja.

Tunaloomba ni kwamba sauti hiyo iwe sauti kweli. Kuwaita wanafunzi watano waliochaguliwa na ofisi, wakae na wageni kwa saa moja huku msaidizi wa mkuu wa chuo akinywa chai pembeni, si kuwasikiliza wanafunzi. Popote shule inapokaguliwa, yafaa wanafunzi wote waulizwe, wasitaje majina, wenzao wayahesabu majibu, na taarifa iwafikie wakaguzi kama ilivyoandikwa. Na zaidi ya yote, yafaa wajibiwe. Mwanafunzi aliyesema mwaka huu kwamba darubini za maabara ni mbovu, na mwaka ujao akazikuta vile vile bila ya maelezo yoyote, hatasema tena. Atajifunza kunyamaza, na daktari aliyejifunza kunyamaza chuoni atanyamaza pia hospitalini akiona mkubwa wake anakosea dawa.

Hapo ndipo tunapomrudia yule mgonjwa tuliyeanza naye. Hakuwako wakati shule ilipokaguliwa. Hakusoma taarifa yoyote. Alinyosha mkono wake tu. Miaka kadhaa kabla ya siku hiyo, kijana mmoja alikaa na karatasi ya maswali mbele yake, akaulizwa kama amefundishwa vyema kumhudumia mtu wa namna hiyo. Twamwomba kijana huyo ajibu kweli, na twawaomba wakubwa wake wasimwogopeshe.